Deni la Paka

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi,
simu ziliguna Lamu nzima,
Mkomani, Langoni, Gadeni hadi Wiyoni,
nyumba elfu moja mia nane na kumi na mbili:
NDUGU PAKA, DENI LAKO LA MAJI
NI SHILINGI MILIONI TISA. LIPA LEO.

Paka ni wangu. Nilimbuni mimi,
mteja wa kujaribia, mita namba sifuri,
anakunywa kwa mapipa, halipi,
ili nione programu itamwambia nini.
Aliishi ndani ya kompyuta yangu
juu ya meza inayoyumba, ghorofani kwa mjomba Famau,
na humo alikuwa na haki ya kudaiwa chochote.

Kosa ni mstari mmoja.
Usiku wa Jumatano nilitaka kuchungulia tu
bili ya nyumba ya kweli iliyokataa kujumlika.
Nikafungua faili la mipangilio, lile lile la siku zote,
nikafuta anwani ya hifadhidata ya kuchezea,
nikaandika ya mjini.
Dakika tano, nikajiambia.
Umeme ukakatika. Nikalala.
Asubuhi nikabonyeza "jaribu"
kama mtu anayewasha taa ya chumba chake,
na mji mzima ukawaka.
Programu ikamwandikisha Paka kule,
ikachukua simu zote ilizozikuta.

Ofisini walifika kabla sijameza mate.
Shekuwe, meneja, alisimama mlangoni
akiwahesabu watu badala ya kuniangalia.
Fundi wa majokofu alitaka barua, yenye muhuri,
kwamba yeye si paka.
Mwana Zena akaniwekea simu mbele ya pua:
"Nisomee. Macho yangu yamechoka.
Miye ni nani hapa?"
"Paka, Mwana Zena."
"Ahaa."
Akajitanda buibui upya, taratibu.
"Kanga ya jikoni ina madoa yake, mwanangu, na si neno.
Ila wewe umetoka nayo harusini."

Usiku ule sikula.
Faili lile nikalipasua mawili.
La kwanza nikaliita karakana:
humo Paka, na namba za simu za uongo,
na ujumbe unaoishia kwenye kioo,
hauvuki kizingiti.
La pili nikaliita mjini:
anwani ya seva, neno la siri,
mlango wa kampuni ya simu.
Hilo si la kubebwa. Halimo katika msimbo
ninaotumiana na Barke, halimo kwangu;
linakaa kwenye seva yenyewe
kama ufunguo katika ukuta wa vidaka arobaini.
Yanayofanana, bei ya uniti, jina la ofisi,
nikayatia katika la tatu, dogo,
maana Barke alinicheka:
"Andika bei mahali pawili uone,
siku moja zitagombana."

Na mwanzoni mwa programu, kabla ya salamu,
nimeweka swali: uko wapi?
Isipojibiwa, haiwaki.
Haikisii. Kukisia ndiko kulikoniponza.
Jibu likiwa mjini, kioo chote huwa chekundu
na sharti niandike neno hilo tena kwa mkono,
herufi tano, polepole,
kama mtu anayevua viatu.

Deni nimelifuta. Radhi nimeomba,
kwa ujumbe niliousoma mara kumi na moja kabla ya kuutuma.
Watoto wa Langoni bado hunililia nyau nikipita.

Lakini katika hifadhidata ya mjini, ile halisi,
kuna mstari mmoja sijaugusa.
Siku ile, saa tano kasorobo,
mtu asiyejitaja
alituma shilingi ishirini
kwa mita namba sifuri.
Sababu ya malipo: "Mpunguzieni."