Mtutu wa Pili

Fundi Ghusaini wa Ibra, nyuma ya soko la wanawake,
huacha mlango wazi kwa ajili ya mwanga tu.
Alichomoa komeo, akatia kipande cha karatasi nyeupe,
akachungulia kutokea mdomoni, jicho moja kalifumba:
"Mifuo imelika yote. Hili koo la mvuta tumbaku.
Risasi yako ikitoka humu haiendi, inazurura."

Nikacheka. Kanena kwa Kiswahili cha Bujumbura,
nikamjibu kwa cha Wete,
wanaume wawili ndani ya kanzu za Kiomani
tunaijadili bunduki ya Mwingereza.

Ilikuwa ya baba, Marhuni, na kabla yake ya ami yake,
yule aliyebaki huku wenziwe walipovuka.
Kila harusi ilitolewa kabatini, ikafukizwa udi,
ikapigwa juu mara tatu, ikarudi bila kusafishwa.
Ndivyo ilivyokufa: kwa furaha, si kwa vita.

Mtutu haukutaka kutoka.
Aliubana kwenye jiliwa baina ya mbao za mkunazi,
akatia mafuta, akaupasha kidogo kwa moto wa gesi,
akaining'inia spana kwa miaka yake sitini na minane.
Tukangoja. Tukanywa kahawa. Akanisimulia figo za mkewe.
Halafu kilio kimoja, kifupi,
kama mlango wa nyumba uliyoambiwa haina mtu.

Mtutu mpya si mpya. Umetoka kwa bunduki nyingine
iliyovunjika tako kule Sinaw,
na nambari yake umekuja nayo.
"Sasa itasomeka mbili," nikamwambia.
"Na hati zako wewe zinasoma ngapi?"

Akauzungusha, unywele kwa unywele,
mpaka kilengeo kikasimama saa sita kamili.
Kwa kipimo cha kwanza komeo likafunga.
Kwa cha pili likagoma,
naye akakifurahia kule kugoma.

Alhamisi akaolewa binti wa Zahrani.
Nilipiga moja tu. Mlio mkavu, si ule wa baba;
wazee wawili waligeuza shingo.

Ule wa zamani nilitaka kuulaza kabatini.
Shangazi Nadhira kauchukua jikoni,
kauchemshia maji mara tatu, kausugua kwa majivu.
Kila alfajiri huuelekeza kwenye makaa,
huweka mdomo pale ilipokuwa ikilala risasi,
hupuliza.