Ngoma za Pijo

Baba alianza kukanyaga breki pale kanisani
ili gari lisimame sokoni.
Miaka arobaini na mmoja ameteremka hivyo kutoka Kibosho,
gia ya pili, kisha ya kwanza,
injini ikiguna,
mguu ukisukuma kama anayezuia ng'ombe mlangoni,
na sisi nyuma, juu ya mikungu ya ndizi,
tukikanyaga pamoja naye
mbao tupu.

Pijo 404, rangi ya maziwa ya mgando,
ngoma nne, moja kila gurudumu.
Kiangazi zilishika.
Masika zilikunywa maji zikalewa:
moja ikivuta kulia, nyingine imesinzia.
Kuna kona karibu na Umbwe, kuna Aprili moja,
nyumbani havitajwi kwa pamoja.

Nimelipandisha jeki Jumatatu, gereji yangu, Pasua.
Ngoma ya kwanza nimeigonga kwa nyundo ya mbao,
haikutoka. Nimeinywesha mafuta ya taa, nikaenda kulala.
Jumanne ikaachia, na vumbi jeusi.
Nikafunga kanga puani, nikalilowesha;
vumbi lile halipulizwi.
Viatu vya breki vimelika hadi kwenye ribiti,
upande mmoja tu, kama viatu vya baba.

Diski zimetoka Arusha, Unga Limited,
kwa Pijo 504 iliyogongwa ubavuni,
miguu ya mbele mizima.
Muuzaji alinipima kwa macho:
"Dada, umetumwa na fundi gani?"
Nikatoa kipimo mfukoni,
nikamsomea unene, kulia na kushoto, na ule mkwaruzo aliousahau.
Akapunguza elfu ishirini bila kuombwa.

Baba amekuja kila siku saa nne.
"Hizo unazotupa zilikuja na gari."
Nyamaza yangu.
"Kitu kinachosimama ghafla hakina adabu."
Sikubishana. Nilikuwa chini, beringi mdomoni mwa habu,
grisi hadi kwenye kiwiko.

Ndani ya masta silinda ya zamani
kuna kivalvu, kidogo kama punje ya hindi.
Kazi yake kubakiza presha kwenye paipu
mguu ukishaondoka.
Ngoma hupenda hivyo, zibaki zimeshikwa kidogo,
zikumbuke.
Diski hazitaki. Ukikisahau humo, pedi hazibanduki,
zinasugua njia nzima, chuma kinageuka buluu.
Nimekitoa kwa koleo, nimekiweka kwenye kizibo cha soda,
nikakitazama muda mrefu kuliko bei yake.

Alhamisi, kutoa upepo. Kijana wangu Kundaeli hakuja,
kwa hiyo baba akapanda kwenye usukani.
Kanyaga, nikasema.
Shikilia.
Nikafungua niplo: povu, povu, oili nyeusi kama kahawa iliyoungua.
Nikafunga. Achia.
"Nimeachia."
Hakuwa ameachia. Nilihisi kwenye paipu, kwa kidole.
Achia, baba.
"Nimekwambia nimeachia."
Nilingoja. Ndege wakabishana juu ya bati.
Halafu pedali ikapanda, polepole,
hadi juu.

Ngoma tatu nimeuza kwa kilo.
Moja ameibeba kwa mikono miwili,
inazuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo.

Jumamosi tukapanda Kibosho, tukageuza.
Lami ilikuwa imelowa.
Alipofika kanisani akakanyaga alivyozoea,
na gari likasimama kanisani.
Hapo hapo. Parachichi zikaruka nyuma ya kiti,
moja ikanipiga kisogoni.
Kuku mwekundu akavuka mbele yetu bila haraka,
akageuka kututazama, akaendelea.

Baba hakuondoa mikono kwenye usukani.
Alitazama mteremko, migomba,
kona ile, kwa mbali,
soko ambalo bado halijaonekana.
"Sasa," akauliza,
"kutoka hapa mpaka kule
mguu wangu utakuwa unafanya nini?"

Nyuma yetu lori likapiga honi.