Usiku Umeme Ulipokatika Panzi

Saa kumi na moja, ukungu bado umelala Panzi,
naisukuma Yamaha ya zamani kutoka barazani
kama mtu anayemtoa ng'ombe mgonjwa zizini.
Ilikuwa ya parokia. Padri aliiuza na msalaba wake,
uliokwaruzwa kwa msumari juu ya tangi,
nami sikuufuta. Nani ajuaye.

Kiki ya kwanza: kikohozi.
Ya pili: hata kikohozi hakuna.
Ya saba, goti linaniuliza umri wangu.
Jana iliwaka kwa mguso mmoja.
Juzi ilikataa mpaka saa tatu, jua lilipochomoza vizuri.
Ingekuwa imekufa ningeiuza vyuma vyake nikapumzika;
shida yangu ni kwamba inafufuka.

Mama Nabintu amesimama na beseni lake,
mitumbwi imeshafika Muhanzi, sambaza hazingoji mtu.
«Leo tena?» Nanyamaza.
Anapanda pikipiki ya kijana wa jirani,
ile nyekundu, mpya, isiyo na adabu.

Bukavu kila mtu ni fundi wa pikipiki ya mwenzake.
Mushagalusha wa Kadutu alisema: buji.
Nikanunua buji. Ikawaka siku mbili.
Cirhuza alisema: kabureta.
Akaifungua juu ya gunia, akapuliza vitundu vyake
mpaka mashavu yakawa ya mpiga tarumbeta,
akairudisha, na skrubu moja ikabaki kiganjani.
«Hii ni ya ziada,» akasema, akanikabidhi.
Muuza esansi akaapa kwamba esansi yake haina maji.
Mama mkwe akauliza kama niliibariki.

Basi nikafungua daftari la shule la Nsimire,
kurasa za nyuma, baada ya hesabu zake za kugawanya:
Jumatatu, mvua, imekataa.
Jumanne, kavu, imekubali.
Alhamisi, ukungu, imekataa, halafu imekubali.
Jumamosi niliiosha. Imekataa.
Nsimire alisoma akitafuna muhogo:
«Baba, hii inaogopa maji.»
Ana miaka tisa. Mafundi wawili wamekula pesa yangu.

Jioni ile manyunyu, na umeme ukakatika,
mlima wote ukazimika kama mtu aliyefumba jicho.
Miaka kumi naulaani umeme wa mji huu;
usiku niliohitaji usiwepo, haukuwepo.
«Usiwashe simu,» nilimwambia mtoto.
Akapanda kiki kwa miguu miwili, akaruka,
nami nimechuchumaa, pua karibu na injini,
nanusa mafuta, matope, moshi wa makaa ya jirani.
Hakuna.
Akaruka tena.

Ndipo nikaiona: tk.
Chini ya tangi, pale waya mnene unaposuguana na chuma,
kitu kidogo cha buluu,
kama sambaza anayepinduka kwenye beseni.
«Tena,» nikasema. Tk.
«Tena!» Naye akicheka, akifikiri ni mchezo.

Kumbe moto ulikuwepo siku zote.
Ulizaliwa kila asubuhi, ukashika njia,
ukafika penye mpasuko usiozidi ukucha,
ukakuta maji, ukakata kona kwenda kwenye chuma,
na buji, mpya, safi, ikangoja mgeni asiyefika.
Mchana nani angeiona cheche nyembamba hivyo?
Tulikuwa tumeangalia kwenye mwanga mwingi mno.

Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli,
nikauzungushia waya mara tatu, nikafunga kwa uzi wa kushonea.
Waya mpya nitanunua pesa ikipatikana,
yaani, tuseme, siku moja.

Asubuhi mvua hasa, si manyunyu.
Kiki moja.
Moshi ukapanda mpaka dirisha la jirani, akatukana,
na tusi lake nikalipokea kama salamu.
Mama Nabintu akapanda bila kusema neno,
beseni kichwani, mkono mmoja begani kwangu.

Skrubu ya Cirhuza ingali mfukoni.
Nimetafuta tundu lake kila mahali.
Tunateremka kwenda Muhanzi, polepole,
na kila penye shimo nasikiliza.