Lozi Ndani ya Jozi

Kaa, Hosiyat. Moyo wako mzima.
Nimeusoma kwenye karatasi hii ya mistari:
vilima na mabonde, kila kimoja mahali pake,
kama Arslanbob ukiitazama kutoka barabarani.
Hii ni mara ya nne tangu majani yageuke manjano,
mara ya nne unakuja mbio, gunia bado begani,
vidole vyeusi kwa maganda, midomo haina damu,
ukisema: Uulkan, leo ndiyo leo, leo nakufa.

Hufi. Hebu nipe moja kutoka mfukoni.

Ta!

Samahani. Nimeona ulivyoruka.
Ningetumia kisu, taratibu.

Tazama. Waliolipa jina tunda hili hawakukosea:
jozi ni kokwa, na jozi ni vitu viwili visivyoachana.
Kushoto, kulia, mikunjo juu ya mikunjo,
na katikati daraja jembamba.
Ubongo wako uko hivi, ila ni laini kama mtindi,
na sidhani kama una uchungu huu wa ngozi. Sijauonja.
(Umecheka. Anayekata roho hacheki.)

Sasa shuka ndani, upande huu na upande huu:
kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi.
Hakijui kusoma. Hakijui tarehe.
Hakijui kwamba nyonga ya Odil imeshaunga
na sasa anashinda barazani akilalamikia chumvi ya supu.
Kinajua sauti moja tu, ya tawi likikatika.
Kikiisikia hakiulizi, kinabweka,
na haipothalamasi, jirani yake, anatuma habari kwa njia mbili.

Ya kwanza inapita kwenye neva, hata kope haijapepesa:
tezi mbili zilizovaa figo kama kofia
zinamwaga adrenalini.
Moyo unatimka. Mapafu yanataka hewa ya kijiji kizima.
Tumbo linafunga duka.
Ya pili inatembea kwa miguu, ndani ya damu,
inapitia pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere,
inafika kwenye kofia zile zile, nazo zinatoa kortisoli,
na kortisoli inaliambia ini: fungua ghala, toa sukari.

Sukari ya nini? Ya kukimbia.
Ya kufika chini ya mti kabla hajafika yeye.
Lakini wewe umeketi mkekani na nyundo,
jozi elfu moja kwa siku,
na kila moja inasema ta.

Pembeni ya lozi kuna mwingine, amejikunja kama farasi wa baharini
(bahari siijui, nimeona Issyk-Kul tu, na lile ni ziwa).
Yeye ndiye karani wa lini na wapi.
Yeye ndiye wa kusema: lile lilikuwa tawi, mwaka jana,
kule kwenye mteremko; hili ni ganda.
Ila kortisoli ikimlowesha miezi na miezi
sauti yake hukauka.

Haya mengine sikuyasoma chuoni Osh.
Odil alianguka mara moja, saa tano asubuhi, akabebwa.
Wewe umeanguka kila siku tangu hapo,
na hakuna aliyekuletea machela.

Vuta pumzi. Sasa itoe, polepole kuliko ulivyoivuta,
kama unapoza chai ya mtoto.
Kuna neva inayotoka kichwani hadi tumboni;
pumzi ndefu ikitoka, neva hiyo humwambia moyo: mwendo wa punda.
Tena.
Kesho njoo na jozi kumi. Tutazipasua hapa, mlango wazi,
moja, tungoje, nyingine, tungoje,
mpaka lozi yako ichoke kubweka.
Si dawa ya siku moja. Sikudanganyi.

Chukua nusu, ule.
Hii nyingine ni yangu.
Mimi ndiye niliyemshika Odil kichwa siku ile
mpaka lori lilipofika.
Nimeruka pia, sasa hivi.
Hukuona kwa sababu ulikuwa umefumba macho.