Kasoro ya Tatu

Mwalimu Mghanga aliandika ubaoni: taa ya kuvaa,
ya kusomea, isiyomwamsha aliye kando.
Wiki sita. Wawili wawili. Shilingi mia nne, risiti ziletwe.
Nikapangwa na Famau, ambaye mikono yake
ni hodari wa kuvunja.

Ya kwanza tuliishonea kofia ya babake,
kofia ya viua, waya tukaupitisha tundu kwa tundu,
na ilipendeza, wallahi, mpaka tulipoiwasha:
nuru yote ikaenda ukutani,
kitabu kikabaki na giza lake,
na babake Famau akaitaka kofia yake.

Ya pili ilikuwa mkufu.
Kidevu kikatia kivuli ukurasa mzima.
Swabra, mdogo wangu, tuliyempimia,
alisoma mstari mmoja, akasema
anajiona kama samaki aliyemeza tochi.

Ya tatu ndiyo hii.
Betri ya simu iliyokufa kioo, si moyo.
Vijitaa viwili vya manjano, maana vyeupe vinachoma.
Kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi,
ndani nimebandika kipande cha mfuko wa maziwa
ili nuru itoke imechujwa.
Shingo ni waya wa shaba, nyuzi tatu zilizosukwa,
zikavikwa utepe wa leso kuukuu ya mama,
na kibanio cha nguo, cha kushika begani.
Risasi ya kulehemu ilinionja kidole gumba;
kovu liko, anayetaka ushahidi.

Nyumba yetu ya Langoni, chumba kimoja, watu watano.
Swabra alisoma ndani ya chandarua
na nyanya hakugeuka upande.
Niliandika: imefaulu.

Lakini asubuhi shingo ilikuwa imepinda.
Niliiacha ikitazama karibu, kama mtoto asomavyo,
pua kitabuni; nikaikuta inatazama mbali.
Nikainyoosha. Kesho yake, vile vile.
Na betri niliyoijaza saa tatu, tupu.
Daftarini: Kasoro ya tatu. Shingo inalegea.
Umeme unavuja, haijulikani wapi.
Famau akasema shaba huchoka, kama watu.
Tukaongeza uzi wa nne. Tukapaka gundi.
Nikakagua kila kiungo kwa mita,
mwizi nisimwone.

Usiku wa Jumatano niliamka na kiu.
Jikoni unga wa mahamri ulikuwa umefunikwa, unaumuka,
na mama, Mwanakombo binti Shee,
asiyesoma mbele yetu hata karatasi ya dawa,
aliyetwambia miaka yote kwamba herufi zilimkimbia,
amekalia mbuzi ya nazi,
taa yangu begani,
mbele yake rundo la magazeti ya kufungia.
Alisoma kabla ya kukata.
Midomo inakwenda, sauti haitoki.
Gazeti kaliweka mbali, magotini,
shingo ya taa kaivuta mpaka mwisho wake.
Kando, chini ya sinia, ameficha kurasa
zenye habari zilizokatika:
*inaendelea ukurasa wa saba*,
na wa saba alishamfungia mtu wa gatini
mahamri manne.

Hakushtuka.
“Ndoo,” akasema. “Huyu mwanamke
kamshtaki nduguye kwa ng'ombe wa marehemu.
Sijui kama alishinda.
Mwezi wa pili huu namtafuta.”

Sikuwa na la kusema kuhusu ng'ombe.

“Na hii taa yako fupi,” akasema.
“Inchi moya tu. Mbili, kama shaba ipo.”

Nilichukua rula ya Swabra,
nikapima kutoka jicho lake hadi kwenye karatasi:
sentimita hamsini na mbili.
Sisi tulipima mtoto. Ishirini na tano.

Kasoro ya tatu niliipiga mstari.
Jina la mtumiaji sikuliandika, sikupewa ruhusa.
Niliandika: shingo iongezwe,
na Mghanga atauliza nimejuaje,
na nitamwonyesha kidole gumba.

Unga ulikuwa unainua kifuniko chake.
Mama alishaipinda taa tena,
anapekua.