Kuomba Moto

Kwenye ramani za shirika lina namba, halina jina.
Sisi wa Kwamngoji, bondeni kutoka Hale,
tunaliita bwawa; wageni wakiwapo, ziwa.
Na bibi yangu Mwajabu huuliza, mkono kiunoni:
ziwa gani hili, lisilomnyonyesha aliyelala nalo?

Ni dogo. Jiwe la kombeo linafika ng'ambo.
Halikumeza kijiji, tusilisingizie.
Lilimeza majaruba mawili ya mpunga,
safu sita za mkonge wa Mgiriki,
na mawe kumi na mawili ya kivuko.

Hayo mawe ndiyo ninayodai.
Sikuyakanyaga; nimeyarithi kwa mdomo wa bibi.
La tatu lilikuwa telezi, la saba la kunolea visu,
juu ya la tisa watu wawili hawakupishana
mpaka mmoja amshike mwenziwe kiuno,
na ndoa mbili, kwa hesabu yake, zilianzia pale.

Ng'ambo aliolewa Chausiku, mdogo wake.
Alfajiri moto ukizimika jikoni kwa mmoja
mwenziwe alijua kwa kutoona moshi,
akavuka na kaa kwenye kigae,
akilipulizia kila jiwe, fuu, fuu,
akarudi na chumvi, au umbea, au vyote.

Kisha wakaja wenye kofia ngumu.
Maji yakafundishwa kusimama.

Baba akapata kazi: kusoma ubao wa kipimo.
Saa kumi na mbili asubuhi, penseli sikioni,
mita, nukta, sentimita.
Kwa reki ndefu alichokoa chujio:
magugu, chupa, kandambili ya kushoto,
siku moja mbuzi,
siku moja mlango mzima, komeo limefungwa.

Nyaya zikapita juu ya paa letu
zikivuma kama nyuki waliokatazwa kutua,
zikaenda Tanga, viwandani, kwenye majokofu ya watu.
Chini yake nilisoma kwa koroboi,
pua nyeusi, darasa la nne hadi la saba.
Miaka ishirini na tisa mwanga ulituruka.

Bibi na Chausiku wakabaki kutazamana.
Kuzungukia darajani ni nusu siku na kibali cha mlinzi,
na magoti hayajui kusoma kibali.
Wakapungiana kanga. Ya manjano: nimeamka.
Ya bluu: naumwa, lakini si sana.
Nyeupe hawakuipangia maana; haikuwa lazima.

Nguzo ilipotufikia, mwaka ule wa tope,
bibi hakuwasha taa kwanza.
Alichaji simu. Akapiga ng'ambo.
"Chausiku, kwangu moto umezimika."
"Ngoja," ikasema simu, "natafuta kigae."
Wakacheka mpaka salio likaisha,
na bibi akabaki ameishika sikioni,
akiipulizia.

Silitukani bwawa. Wala silisifu.
Penseli ya baba sasa iko sikioni kwangu.
Leo kina kimeshuka tena,
mgao unakuja, Tanga watalalamika.
Jiwe la kwanza limechungulia, limevaa ukijani.
La pili nadhani lipo.
Daftari la shirika halina safu ya mawe.
Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo:
moja.