Vikombe Vinne

Kabla ya kwenda Mwanjelwa nilipima kabati
kwa futi ya cherehani: sentimita thelathini na moja
kutoka mezani hadi ubao wa juu.
Hapo ndipo itakapokaa, kati ya ndoo na redio.
Isizidi. Jikoni kwetu Ilemi
watu wawili wakisimama, mmoja anaomba njia.

Na sisi ni wawili tu,
mimi na mama yake Ambakisye.
Ambakisye mwenyewe yuko Tukuyu, nyuma ya migomba,
mwaka wa tatu sasa.
Matanga yalipokwisha mama hakupanda gari na wenzake.
Alisema, "Nitakaa nikufungulie geti,"
maana zamu ya wodini naimaliza alfajiri.

Kijana wa duka alituwekea ya vikombe kumi na viwili,
nyeusi, ina saa, ina taa tatu.
"Hii ndiyo ya familia."
"Familia ipi?" mama akauliza.
Kijana akacheka, akatutazama, akaacha kucheka.
"Kwani mpo wangapi?"

Nimejaza fomu nyingi tangu msiba,
ya benki, ya mirathi, ya kiwanja,
na zote zilinipa kisanduku cha kuweka vema.
Hili lilitaka mdomo.
"Wawili," mama akajibu. "Tuoneshe za wawili."

Ya kwanza ina jagi la kioo, jembamba kama ganda la yai.
Likivunjika?
"Mnaagiza Dar."
Mama akairudisha rafuni mwenyewe, kwa mikono miwili,
kama anayemrudisha mtoto wa watu.
Ya pili inakula karatasi za kuchujia, moja kila siku.
Nilishaziulizia wiki nzima, Soko Matola mpaka Kabwe:
wote walinipa karatasi za kufungia maandazi.
Ya tatu ina wavu, unaoshwa, unaanikwa,
na jagi la chuma linalotunza joto hata ukizima umeme.
Wati mia sita. Nikapiga hesabu ya luku kichwani.
Vikombe vinne.
Rangi ndiyo mbaya, ya chungwa lililolala sokoni.
"Rangi hainywewi," mama akasema, akafungua pochi yake
kabla sijafungua yangu.

Miaka arobaini amechuma kahawa, mteremko wa Rungwe.
Anaijua punje kwa ukucha, debe analijua kwa shingo.
Ila kwake kulichemshwa chai.
Kahawa ilikuwa ada, ilikuwa viatu vya kipaimara,
ilikuwa bati.
Nani anakunywa bati lake?

Asubuhi ya Julai, Loleza haionekani,
nimerudi vidole vimekufa ganzi.
Nikaweka vijiko, maji mpaka alama, nikabonyeza.
Kimya.
Halafu ikakohoa. Tone.
Tone.
Mama akavuta kigoda, vitenge viwili mabegani,
akaisikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
"Inavuja."
"Ndiyo kazi yake, mama."
"Nilikuwa na paa la hivyo," akasema.
"Tuliuza kahawa tukaliziba."

Akanywa. Akakunja uso.
Sukari, vijiko vitatu. Akanywa tena.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Alishika wavu wenye machicha, akanusa,
akayapangusa kidogo kwa kidole gumba.
"Hii wanauza kilo bei gani, hapo dukani?"
Nikamwambia.
Alinyamaza mpaka tone la mwisho lilipoanguka.
Kisha akaanza kunitajia bei waliyolipwa wao,
mwaka kwa mwaka, senti kwa senti, bila daftari,
akianzia ule aliozaliwa Ambakisye:
mwaka huo mvua iliwahi, maua yakapukutika,
na mizani ya chama ilikuwa na ugonjwa.

Nilitakiwa kulala.
Nikamimina cha pili.